Somo: Kuchagua Diploma ya IB kabla ya chuo kikuu, na namna ya kupanga masomo yake sita

Habari zenu wazazi, na ninyi vijana mnaosubiri kuchagua.

Matokeo ya Kidato cha Nne na ya IGCSE (mtihani wa kimataifa wa ngazi hiyohiyo) yakishatoka, swali linalonifikia ni lilelile: mtoto aende Kidato cha Tano, achukue A Level ya Cambridge, au aingie IB, yaani International Baccalaureate? Nimefundisha Kemia wanafunzi wa IB na kuwashauri kuhusu vyuo, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu. Neno langu kuu ni hili: diploma hii ni pana kweli, ila upana huo unaweza kumfungia mtoto mlango hukohuko anakotaka kwenda kama masomo yalichaguliwa bila kuangalia chuo. Anza na chuo, kisha rudi nyuma hadi kwenye masomo, shule iwe ya mwisho. Wengi wanaanza na jina la shule, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Hatua ya 1: Ijue diploma yenyewe

IB ilianzishwa Geneva mwaka 1968. Diploma yake ni ya miaka miwili, na inakaa pale pale panapokaa Kidato cha Tano na cha Sita. Si stashahada ya chuo, kwa hiyo shangazi akiuliza kwa nini mtoto "anasoma diploma halafu tena digrii", mweleze hivyo.

Tahasusi ya Kidato cha Tano ina masomo makuu matatu, kwa mfano PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), na mengine mengi unayaacha. IB haikuachii. Unachukua masomo sita, kila moja na kundi lake: lugha unayoimudu pamoja na fasihi yake, lugha ya pili, somo la jamii (historia, uchumi, jiografia na mengineyo), sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au somo jingine kutoka kwenye makundi yaliyotangulia. Matatu unayasoma kwa ngazi ya juu, HL, yenye saa 240 za kufundishwa, na matatu kwa ngazi ya kawaida, SL, yenye saa 150. Wapo wanaochukua HL nne. Mimi siwashauri, isipokuwa chuo kimetaka.

Kila somo lina alama 1 hadi 7, jumla 42. Pointi 3 zinazobaki zinatoka kwenye TOK, yaani nadharia ya maarifa, na insha ndefu ya utafiti ambayo wanafunzi wanaiita EE. Jumla kuu ni 45. Kupata diploma unahitaji angalau 24, lakini 24 peke yake haitoshi: HL tatu zifikie 12, SL tatu zifikie 9, pasiwe na 1 katika somo lolote, na ukipata E kwenye TOK au EE diploma imekwenda hata kama masomo yote ni 7. Kuna pia CAS, shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii, zinazofanywa kwa miezi kama 18. Haina alama, lakini usipoikamilisha hupewi diploma.

Kuhusu EE nataka niseme zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama mtoto anafaa huku. Ni maneno yasiyozidi 4,000 juu ya swali alilolitunga mwenyewe, na mwalimu ni msimamizi tu. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alitaka kujua kama maji ya visima vya Kigamboni yanaongezeka chumvi kadiri kisima kinavyosogelea bahari. Alibeba chupa, akachota sampuli, kisha maabara akazipima moja moja kwa nitrati ya fedha. Tone baada ya tone kutoka kwenye bureti, mpaka rangi ya njano inapogeuka kuwa wekundu wa tofali na kubaki hivyo. Kila sampuli alirudia, na majibu yalipopishana hakuruhusiwa kuchagua lililompendeza. Ilimbidi aeleze kwa nini yamepishana. Nusu ya insha yake ilikuwa ni kujihoji. Mtoto anayefurahia kazi ya namna hiyo ataipenda IB. Anayetaka aambiwe cha kukariri na siku ya mtihani atateseka miaka miwili, hata awe na akili namna gani.

Hatua ya 2: Andika kozi na nchi, kisha soma masharti yake

Chukua karatasi. Andika kozi tatu na nchi mbili ambazo kweli mnazifikiria, na moja ya nchi hizo iwe ni nyumbani. Msinielewe vibaya, sizuii mtu kuota Kanada. Ila ufadhili ukikosekana, au viza ikakataliwa, mtoto atarudi kuomba hapa, na hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote ninayoijua.

Vyuo vya udaktari Tanzania vinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Diploma ya IB ya kawaida inaruhusu sayansi mbili tu. Mtoto anachukua Baiolojia HL na Kemia HL, anapata alama nzuri sana, Uingereza vyuo kadhaa vya udaktari vinaweza kumfikiria, halafu anaomba udaktari nyumbani na kuulizwa: Fizikia iko wapi?

Njia ipo. IB ina utaratibu wa diploma isiyo ya mpangilio wa kawaida, ambapo mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua sayansi tatu na kuacha somo la kundi jingine, kama masharti ya chuo kikuu yanadai hivyo. Ombi linapelekwa na shule, siyo na mzazi, na linaambatana na uthibitisho wa masharti ya chuo. Kwa hiyo linafanyika mwanzoni kabisa mwa mwaka wa kwanza. Na ratiba ya shule nayo iruhusu, maana shule ndogo mara nyingi huweka Fizikia na Baiolojia kwenye kipindi kilekile. Kama ndoto ya mtoto ni udaktari Muhimbili na hakuna nchi nyingine mnayoifikiria, kwa maoni yangu PCB ya Kidato cha Tano ni barabara iliyonyooka na ya bei nafuu mno.

Jambo jingine la nyumbani: cheti cha IB kinapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kupata ulinganifu kabla ya maombi ya chuo kukamilika. Uganda kazi hiyo inafanywa na UNEB, baraza lao la mitihani. Matokeo ya mtihani wa Mei hutoka mwanzoni mwa Julai, na maombi ya vyuo Tanzania huanza karibu na kipindi hicho hicho. Andaeni nyaraka mapema.

Hatua ya 3: Hisabati, kabla ya jambo jingine lolote

Tangu 2019 kuna hisabati za aina mbili. AA (Analysis and Approaches) imejaa aljebra, kalkulasi na uthibitisho. AI (Applications and Interpretation) imeelemea takwimu na matumizi. Kila moja ina HL na SL. Uhandisi, fizikia, na uchumi katika vyuo vikali: chukua AA, tena HL ukiweza. Wanaotoka Kidato cha Nne waione AA HL kama jirani wa Advanced Mathematics ya PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). AI SL inatosha kwa sheria, historia, lugha na sanaa, lakini ukishaichagua umejifungia kozi nyingi, na kuhama kutoka AI kwenda AA baada ya muhula wa kwanza ni kazi nzito. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, kwa hiyo anzia juu.

Hatua ya 4: Msiache Kiswahili

Hapa nawasihi kabisa. Kiswahili kinakubalika IB kama lugha ya kwanza yenye fasihi, na pia kama lugha ya pili. Mtoto anayesoma fasihi ya Kiswahili kwenye kundi la kwanza, huku Baiolojia au Historia anaisoma kwa Kiingereza, akipata angalau 3 katika yote mawili anapewa diploma ya lugha mbili. Kama shule haina mwalimu wa Kiswahili, kuna mpango wa kujisomea fasihi kwa SL chini ya usimamizi wa shule. Nimeona watoto waliozaliwa Tanga na Zanzibar wakisukumwa kwenye Kifaransa cha kuanzia sifuri ilhali lugha wanayoiota usiku imeachwa mlangoni. Ulizeni. Shule isipoulizwa haitawaambia.

Hatua ya 5: Ndipo shule sasa

Neno "International" kwenye geti halimaanishi IB. Nyingi zinafundisha mtaala wa Cambridge. Hakikisheni kwenye orodha ya shule iliyopo kwenye tovuti ya IB kwamba shule imeidhinishwa kwa Diploma yenyewe, maana ipo mipango ya IB ya watoto wadogo ambayo ni idhini tofauti. Kwa ukanda wetu zipo, miongoni mwa nyingine, International School of Tanganyika ya Dar es Salaam, UWC (United World College) East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha, na Aga Khan Academy za Mombasa na Nairobi.

Mkifika shuleni ulizeni: masomo gani ya HL yanafundishwa *mwaka huu*, siyo yale ya kwenye kijitabu? Nani anasimamia EE? Wastani wa pointi wa miaka mitatu iliyopita ni upi? (Wastani wa dunia huwa unazunguka 30.) Ada ya mitihani imo ndani ya karo au ni pembeni? Shule nzuri haitachukia maswali hayo.

Hatua ya 6: Kalenda

Fupi tu: shule nyingi za IB hapa zinaanza Agosti, na matokeo ya Kidato cha Nne hutoka Januari. Miezi hiyo ya katikati isipotee. Asome Kiingereza cha kuandikia na arudie hisabati.

MASWALI YALIYOULIZWA

Shikamoo mwalimu. Binti yangu anapenda Hisabati na Fizikia tu, kuandika insha ni ugomvi. Wenzake wote wanaenda IB. Nimlazimishe?

Marahaba mama. Usimlazimishe. PCM ya Kidato cha Tano au A Level ya masomo matatu itampa muda wote kwenye anachokipenda, na vyuo vya uhandisi vinaheshimu njia zote mbili. Kwenye IB ataandika hata kwenye Hisabati: kuna kazi ya uchunguzi yenye asilimia 20 ya alama za somo. Kama wenzake ndio sababu pekee, hiyo sababu haitoshi.

Mwalimu, nimetoka shule ya kata, nimepata Division One. Wazazi hawana uwezo wa ada za dola. Nisahau?

Usisahau, mwanangu. UWC inachagua wanafunzi kupitia kamati za kitaifa, na msaada wa ada unatolewa kulingana na hali ya familia. Harakati hiyo ilianza na chuo cha Wales mwaka 1962, na sasa ina shule katika nchi mbalimbali, kwa hiyo unaweza kupelekwa Moshi au mbali zaidi. Tafuta kamati ya Tanzania mapema, maana maombi hufungwa muda mrefu kabla ya masomo kuanza, na umri unaangaliwa. Watakuuliza umefanya nini mtaani kwenu. Sema ukweli: kama ulikuwa unafundisha wadogo zako hesabu jioni, hiyo ni kazi. Pia wahitimu wa UWC wana mpango wa ufadhili wa Davis kwa vyuo kadhaa vya Marekani. Na ukikosa, nenda Kidato cha Tano kwa moyo wote. Umefaulu vizuri na nafasi yako ipo.

Assalaam alaykum. Sisi tuko Muscat, mtoto anamaliza IGCSE. Tunafikiria kurudi Zanzibar baada ya miaka miwili. IB au A Level?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Zote mbili zinahamishika, ila usimhamishe katikati. IB ina kazi za ndani za kila somo na EE inayovuka kutoka mwaka wa kwanza hadi wa pili, na kubadilisha shule mwaka wa pili ni kuivuruga. Pengine shule mpya haina hata masomo yake. Kama kurudi si hakika kwa tarehe, mwache amalize huko. Na Kiswahili kiandikishwe, hata cha kujisomea.

Mwalimu naomba msaada wa haraka. Matokeo yametoka, nina pointi 23. HL zangu ni 12. Nimepoteza miaka miwili?

Hapana, tulia kwanza. Diploma hujaipata kwa sasa, lakini alama za masomo ni zako na utapewa hati yake. Fanya mambo mawili wiki hii. La kwanza, mwombe mratibu wa IB shuleni akueleze ni somo gani uko karibu na mpaka wa alama inayofuata, kisha shule iombe usahihishaji upya wa somo hilo. Lina malipo, na mwisho wa maombi kwa mtihani wa Mei ni katikati ya Septemba. Muulize pia kama alama inaweza kushuka, kabla hujasaini. La pili, panga kurudia somo moja au mawili Novemba. Usajili wake hufungwa wiki chache tu baada ya matokeo ya Julai, na si kila somo hutolewa Novemba, kwa hiyo usisubiri jibu la usahihishaji ndipo uanze kuuliza. Alama ya juu ndiyo inayohesabiwa, ya zamani haikuvuti chini. Niandikie masomo yako sita na alama za kila moja, nikutazamie lipi la kurudia.