Kuandaa mpango wa uadilifu baada ya kufungiwa zabuni za Benki ya Dunia

Mzabuni aliyefungiwa kushiriki miradi ya serikali inayofadhiliwa na Benki ya Dunia aisome barua ya adhabu mpaka mwisho kabla ya kufanya lolote. Adhabu ambayo Benki huanza nayo inapokadiria ni kufungiwa miaka 3 kwa masharti ya kufunguliwa, na muda huo ukiisha kabla masharti hayajatimizwa, jina la kampuni hubaki kwenye orodha ya waliofungiwa. Tena, kwa makubaliano ya Aprili 2010, adhabu inayozidi mwaka 1 na kutangazwa hadharani hutambuliwa pia na Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki nyingine kubwa za maendeleo.

Sharti kuu huwa ni kuandaa na kutekeleza mpango wa uadilifu, yaani kanuni na taratibu za kuzuia rushwa na udanganyifu ndani ya kampuni, unaomridhisha afisa wa Benki anayesimamia masuala hayo ya uadilifu. Mwandikieni mapema, ikiwezekana katika miezi ya kwanza, kwa kuwa atataka ushahidi kwamba mpango umefanya kazi, na ushahidi wa namna hiyo hauwezi kutengenezwa katika wiki za mwisho. Kununua kitabu cha sera kilichokwisha kuandikwa na kubadilisha jina la kampuni ni kupoteza fedha.

Tathmini ya vihatarishi ianzie kwenye kosa lenyewe. Ikiwa kampuni iliwasilisha cheti cha kughushi cha kukamilisha kazi, ulizeni nani aliandaa zabuni, nani aliisaini, na kwa nini hakuna aliyehakiki. Kuanzia hapo, anayeandaa zabuni asiwe ndiye anayeihakiki, na kila cheti, wasifu wa mtaalamu na dhamana ya benki vithibitishwe moja kwa moja na aliyevitoa, jibu lake likihifadhiwa kwenye jalada la zabuni.

Mawakala wanahitaji uangalifu wa pekee, maana hapo ndipo fedha ya "chai" hujificha kwa urahisi. Kila wakala achunguzwe kabla ya kuajiriwa, awe na mkataba unaoeleza kazi halisi, alipwe kwa ankara kupitia akaunti iliyotajwa kwenye mkataba, na kamisheni yake itajwe kwenye zabuni pale fomu inapodai hivyo. Zawadi, takrima na michango kwa vyama vya siasa viwe na kanuni na daftari lake.

Kampuni ndogo haihitaji idara nzima. Inahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzuia malipo, hata yale aliyoyaagiza mwenye kampuni. Katika kampuni ya familia, ambako mkurugenzi mara nyingi ndiye mhasibu, ni afadhali jukumu hilo apewe mtu wa nje. Mafunzo yatolewe kwa lugha wanayoielewa watunza stoo na wasimamizi wa eneo la ujenzi, na mahudhurio yasainiwe. Pawepo pia njia ya siri ya kutoa taarifa, na anayeitumia alindwe.

Wekeni kumbukumbu za malipo yaliyokataliwa, wakala aliyeachwa na mfanyakazi aliyeadhibiwa. Taarifa kwa Benki isiyo na tukio hata moja la namna hiyo huzua maswali. Afisa akiamua kwamba masharti hayajatimizwa, kampuni inaweza kuiomba Bodi ya Adhabu ya Benki iupitie uamuzi huo, na kumbukumbu hizo ndizo itakazozitegemea.