Pasta Anadanganya Watu na Wewe Unajua: Venye Utasema Ukweli Bila Kuogopa

Kwanza tuelewane, sio kila pasta mwenye hamkubaliani ni wa uongo. Kuna wa Jumamosi na wa Jumapili, kuna wenye wanabatiza watoto na wenye hawabatizi, kuna wa ngoma na wenye hawataki hata kinanda, na huku kwetu western Kenya utapata boma moja iko na makanisa tatu na wote wanakula ugali meza moja. Mi naongea juu ya yule anasema "Bwana ameniambia" na Bwana hajamwambia kitu, halafu watu wanauza ng'ombe wakishikilia hiyo neno.

Kabla ufungue mdomo, pima. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema nabii akitabiri kwa jina la Bwana na isitokee, hiyo neno haikutoka kwa Bwana, na hapo hapo unaambiwa usimwogope. Na hata ikitokea bado hujamaliza, soma sura ya 13, mtu anaweza kutoa ishara na ikatimia na bado awe anakupeleka kwa miungu mingine. Mika 3 yeye anaangalia tumbo: manabii wanatangaza amani kwa mwenye amewapa chakula, mwenye hajawapa wanamtangazia vita. Nunua daftari, andika tarehe na maneno yenyewe alisema, sio venye ulisimuliwa na mtu wa boda pale Kondele. Kama mahubiri iko YouTube sikiza yote mpaka mwisho, ju klipu fupi inaweza kumfanya hata mtume Paulo aonekane mwongo. Na watu wa Beroya walimpima huyo huyo Paulo, Matendo 17:11, wakasifiwa kwa kupima.

Ukishahakikisha, enda kwake mwenyewe. Hapa ndio watu wengi wanaruka wanakimbilia grupu ya WhatsApp, na ndio maana ukweli wao unakaa umbea. Prisila na Akila walimsikia Apolo akifundisha kitu nusu, wakamchukua kando wakamweleza vizuri na akaendelea na kazi. Wengine hawajui tu, wamefundishwa hivyo na bishop wao. Kama wewe ni dada usiende peke yako kwa ofisi yake, na usiende usiku, naisema wazi hata kama wengine watakasirika. Usianze na "wewe ni nabii wa uongo". Anza na swali, "Pasi, Jumapili ulisema mtu akipanda mbegu ya elfu tano mume wake atarudi nyumbani, hiyo iko wapi kwa Biblia?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Akikataa, rudi na wawili au watatu wenye wanaheshimika, sio wale wako na hasira ju walinyimwa uzee wa kanisa. Watu wa upande wake watakusomea 1 Timotheo 5:19, kwamba usikubali mashtaka juu ya mzee bila mashahidi, na ni kweli kabisa, ndio maana umekuja nao. Sasa waombe wasome na mstari wa 20, wanaoendelea kufanya dhambi wakemewe mbele ya wote. Hiyo huwa hawafikangi.

Hapo ndio utatupiwa "usiguse mpakwa mafuta wa Bwana". Jiandae, itakuja. Fungua Zaburi 105 usome kutoka juu, utaona ni Abrahamu, Isaka na Yakobo wakizunguka kama wageni, wachache, hawana jeshi, na Mungu anaonya wafalme wasiwaumize. Ilikuwa ya kulinda mnyonge, leo inatumiwa na mtu mwenye magari manne na bodigadi kumnyamazisha mama wa mboga wa Kibuye. Halafu muulize Daudi. Kwa pango kule En-gedi alikataa kumuua mfalme Sauli, mpakwa mafuta wa Bwana, akakata tu pindo la vazi lake, lakini hakunyamaza, alitoka nje akaita kwa sauti, akainua hicho kipande cha nguo, akamwambia Sauli makosa yake na Sauli alikuwa amekuja na watu elfu tatu. Mkono hakuinua, mdomo alifungua, na ushahidi ulikuwa mkononi. Na Daudi mwenyewe akiwa mfalme, mpakwa mafuta pia, nabii Nathani alimwambia "Wewe ndiwe mtu huyo" na hakuitisha bodigadi.

Lakini kuna mambo haingoji hizo hatua zote. Kama pasta ameambia mtu aache ARV za ukimwi ama insulini ya sukari ju "amepona", usingoje kikao cha wazee, ongea na huyo mgonjwa leo. Mwambie hivi: Yesu alipomtakasa mkoma alimwambia aende ajionyeshe kwa kuhani, na kuhani ndiye alikuwa anakagua huo ugonjwa kwa Sheria ya Musa. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Basi twende kliniki, mimi nitakusindikiza, na ukiwa unangoja endelea kumeza dawa. Na umweleze pia, kipimo kikionyesha virusi haionekani hiyo sio kusema imeisha, ni dawa imeilalisha, ukiacha inaamka. Wengi wanadanganywa hapo, anapewa matokeo safi anasimama madhabahuni anatoa ushuhuda, anatupa dawa, baada ya muda anabebwa kwa pikipiki akiwa mifupa. Huyo mgonjwa usimgombeze, ameshatishwa vya kutosha.

Kama ni mtoto anaumizwa, piga 116, laini ya kusaidia watoto, ni bure, na uende polisi, hiyo sio mambo ya mafundisho tena. Na usichelewe: kwa msitu wa Shakahola kule Kilifi, 2023, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, watoto wakiwemo, na wengi inasemekana waliambiwa na mhubiri wao wafunge kula mpaka wakafa.

Ikifika wakati wa kusema mbele ya watu, sema kwa ufupi na kwa lugha yenye shosho anaelewa, Dholuo, Kiluhya, Kikuyu, Kikalenjin, yoyote. Taja kitendo na andiko. Usiguse kabila lake, bibi yake wala kiatu yake. Usiongeze chumvi hata kidogo, ju ukisema alikula laki mbili na ilikuwa laki moja, watajibu hiyo laki umeongeza na ile alikula isahaulike, na kesi ya kumchafulia mtu jina sio mchezo, wakili ni pesa. Na usishindane kupiga kelele. Nabii wa uongo Hanania alimvunjia Yeremia nira shingoni mbele ya makuhani na watu wote, akatabiri kila kitu itakuwa sawa kwa miaka miwili, na Yeremia akaenda zake tu. Alirudi Bwana alipompa neno. Nabii Mikaya naye alikuwa mmoja mbele ya manabii kama mia nne, akapigwa kofi na kufungwa gerezani, na hakubadilisha hata neno moja.

Wakikuuliza umesoma chuo gani ya Biblia, wakumbushe nabii Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, na kuhani Amazia wa Betheli bado alikimbia kumshtaki kwa mfalme. Kwa hivyo tegemea kuitwa kwa chifu. Enda na daftari yako na mtu mmoja, na mwachie mtu nyumbani ujumbe uko wapi.

Halafu kuna ile kitisho yenyewe inanyamazisha watu huku, "kanisa haitakuzika". Iko na nguvu kuliko laana, ju kila mtu anafikiria mama yake akilala mochari na hakuna wa kuombea jeneza. Maliza hiyo mapema. Tafuta kanisa ingine kabla wakufukuze, ujulikane huko, uingie kwa chama yao ya matanga, na uambie ndugu zako wazi ni pasta yupi utataka asimamie mazishi.