Unataka kuanzisha kozi ya mambo ya uzee chuoni Moshi? Anzia hapa

Usianze na digrii. Najua wakubwa wa chuo wanapenda digrii mpya, ila digrii ya miaka 3 ni krediti 360 na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watataka waone mtaala, walimu wenye sifa na ushahidi kwamba wahitimu wataajirika, sasa kama huna hata mwalimu mmoja aliyesomea uzee utawaambia nini? Anza na somo moja la kuchagua, na usiliache kwa madaktari peke yao. Waite watu wa unesi, ustawi wa jamii, sheria, hata wale wa ushirika pale MoCU, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, manake mzee aliyelima kahawa maisha yake yote hana pensheni ya mwajiri na hilo dawa haitibu.

Walimu azima, hospitali ya rufaa ya KCMC hapo Moshi wapo wanaohudumia wazee kila siku. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iwe wiki ya kwanza, hapo wanafunzi wajue mzee kwetu ni kuanzia miaka 60, basi msonge mbele.

Fildi sasa, hapo ndo penyewe. Pale wilaya ya Hai, jirani na Moshi, watafiti walipima demensia, yaani ugonjwa wa akili na kumbukumbu kufifia, kwa watu wa miaka 70 kwenda juu wakakuta kama asilimia 6.4, kwa hiyo mfano mnao mlangoni kabisa. Kibali cha maadili kwanza, mwenyekiti wa kitongoji ajue, halafu mfundishe mwanafunzi kuuliza umri. Bibi wa Machame anaweza asijue mwaka aliozaliwa, ila ukimpa shikamoo yake, ukakaa, ukamuuliza bendera ya Uhuru inapandishwa 1961 alikuwa ameshaolewa au bado anachunga mbuzi, hesabu inakuja yenyewe. Na kupima akili usimpe kalamu achore wakati shule hakwenda, utamwandika mgonjwa bure! Kipimo cha demensia kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa huko huko Hai, kinatumia njiti za kiberiti, unapanga umbo naye analipanga, na njiti kila mtu kashika jikoni.

Hela? Nauli za fildi ziingie kwenye bajeti ya chuo, ukitegemea mfadhili akiondoka na kozi inaondoka.

Ukiona wanafunzi wanajisajili bila kubembelezwa na ustawi wa jamii wilayani wanakuomba wa fildi, hapo sasa ndo andikia TCU.