Kabla ya kulipia kozi ya cheti cha afya, piga hesabu ya mshahara unaobaki mkononi

Mzazi au kijana wa Mwanza anayefikiria kozi ya cheti cha afya asiishie kuuliza ada. Aongeze hosteli, sare, michango ya mitihani, bima, na nauli ya kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, hasa akipangiwa kituo cha ng'ambo ya maji kama Ukerewe. Aongeze pia kipato anachokiacha: anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba akiingia darasani, biashara yake inasimama, na fedha hiyo ni sehemu ya gharama hata kama haimo kwenye fomu ya chuo.

Kisha apime mapato kwa kile kinachobaki. Kwa mfano, mshahara wa shilingi 350,000 katika zahanati binafsi hukatwa asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), yaani 35,000, halafu kwenye 315,000 zilizobaki hukatwa kodi ya asilimia 8 kwa kiasi kinachozidi 270,000, ambayo hapa ni 3,600, na zinabaki 311,400. Chumba, chakula na daladala vikichukua 220,000, ziada ni 91,400 kwa mwezi. Kozi iliyogharimu jumla ya milioni 5 itarudisha fedha yake baada ya miezi kama 55, na hapo ni iwapo ajira imepatikana mara moja.

Muhimu zaidi, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi) kabla ya kulipa hata shilingi moja, na waulize wahitimu wa mwaka jana wanafanya kazi wapi.