Boraji kwenye ndoo: kuipanda Dar na kuitumia bila kuumiza ini

Boraji (Borago officinalis), mmea wa maua ya buluu yanayoliwa, asili yake ni nchi za Mediterania, na joto la Dar es Salaam huichosha mapema. Kwa hiyo mtu akija kwangu Goba kuomba mbegu, kabla ya kuzungumzia udongo namwambia tarehe: panda kuanzia mwisho wa Mei, masika yakishakatika, hadi katikati ya Julai. Niliwahi kujaribu Januari. Mimea ilitoa majani manne ikaungua.

Hatua ya 1: ndoo
Tafuta ndoo ya lita 20, itoboe matundu kama manane chini. Changanya udongo madebe mawili na samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa debe moja. Samadi mbichi ya kuku achana nayo.

Hatua ya 2: mbegu
Usiatike kwenye trei. Boraji ina mzizi mkuu unaoshuka chini moja kwa moja na haupendi kusumbuliwa. Msimu wangu wa kwanza nilihamisha miche kumi na miwili, ikabaki miwili. Fukia mbegu tatu papo hapo itakapokulia, kina cha sentimita moja hivi. Zitachomoza ndani ya wiki moja au mbili. Bakiza mche mmoja wenye nguvu, mingine ikate kwa mkasi, usiing'oe.

Hatua ya 3: jua na maji
Ipate jua la asubuhi, kisha kivuli kuanzia saa sita mchana. Mwagilia asubuhi, na kama maji yanatoka kwenye simtanki lililokaa juani, yaache yapoe kwanza. Vidukari wakijazana kwenye ncha changa, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Dawa ya kunyunyizia usitumie, kwa sababu maua haya utayala, na nyuki watayajia kila asubuhi.

Hatua ya 4: kuchuma
Baada ya miezi miwili hivi yatatoka maua kama nyota za buluu zenye ncha tano. Shika kile kikoni cheusi cha katikati, vuta taratibu: ua litatoka zima na kuacha kikombe chenye vinyweleo kwenye tawi. Ladha yake ni ya tango. Mimi huyagandisha ndani ya vipande vya barafu kwa ajili ya maji ya ndimu, au huyatupia juu ya kachumbari wakati wa kuandaa. Majani yana miiba laini inayokwaruza ulimi, hivyo chagua machanga na uyakatekate sana. Kule Aragon, Hispania, mabua yake humenywa na kupikwa kama mboga.

Sasa hapa naomba usome polepole. Majani ya boraji yana alkaloidi za pirolizidini, kemikali zinazodhuru ini zikitumika kwa wingi au kwa muda mrefu. Kikombe cha chai ya majani kila siku kwa miezi, kama tunavyokunywa mchaichai, hapana. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo na mwenye ugonjwa wa ini wasiitumie kabisa kama dawa.

Wengi huniulizia mafuta ya mbegu zake kwa ajili ya pumu ya ngozi. Ni kweli yana asidi ya gama-linoleniki (aina ya asidi ya mafuta) nyingi kuliko mafuta mengi ya mimea. Lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, hayakuona kwamba kuyameza kunasaidia ugonjwa huo kuliko dawa bandia (ile ya kulinganishia, isiyo na kiambato cha tiba). Mzazi mwenye mtoto anayejikuna usiku namshauri aende kliniki ya ngozi. Na usijaribu kukamua mafuta nyumbani. Ya kumeza yanapaswa kusafishwa kiwandani ili alkaloidi hizo zitoke.

Hatua ya 5: mbegu za mwakani
Kila ua hutoa hadi mbegu nne, nazo hudondoka zenyewe zikikomaa. Tandika kitenge kikuukuu chini ya ndoo, kusanya zilizogeuka nyeusi, zianike kivulini siku tatu, kisha zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa mwezi uliovuna.