Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kuona Renesansi ya Firenze na Gent

Renesansi ni kipindi cha karne ya 15 na 16 ambapo sanaa ya Ulaya ilichipuka upya; Firenze iko Italia, Gent iko Ubelgiji. Panga kuba kwanza. Tiketi ya kupanda kuba ya kanisa kuu la Firenze huuzwa kwa siku na saa maalumu, huisha mapema, na saa ukishaichagua haibadilishwi. Kwa hiyo ikate hiyo, kisha mambo mengine ya safari yaizunguke. Ngazi ni 463, hakuna lifti, na sehemu nyingi njia ni nyembamba kiasi cha kupishana kwa shida. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali au woga wa mahali finyu abaki chini bila kujilaumu, maana uwanja wenyewe una mengi ya kutazama.

Ukiamua kupanda, ujue kabla unapanda nini. Kanisa lilikuwa limesimama na tundu la pembe nane lenye upana wa mita 45 hivi juu yake, na hakuna aliyejua namna ya kulifunika. Kiunzi cha mbao cha kushikilia kazi ya ukubwa huo kingekula msitu. Msanifu Filippo Brunelleschi alianza mwaka 1420 bila kiunzi cha kutoka chini na akaifunga kuba mwaka 1436. Alijenga maganda mawili, moja ndani ya jingine, na ngazi utakazopanda zinapita katikati yake. Tazama matofali ukutani: mengi yamelazwa, ila kila baada ya hatua kuna yaliyosimamishwa wima, na mistari yake inazunguka ikipanda. Hayo ya wima yalizuia safu mpya isiteleze chokaa kikiwa bado kibichi. Asiyeambiwa huyapita tu akihema.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, kalenda inaanzia kwenye visa ya Schengen, yaani visa moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Ukitaka kuunganisha Italia na Ubelgiji, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile unayoingilia. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua yuro 30,000.

Jumatatu ni siku ya kuangalia sana. Uffizi, jumba kubwa la makumbusho ya sanaa la Firenze, hufungwa, Accademia, jumba jingine la huko lenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa, hata ukumbi wa Milano wenye mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci hufungwa. Siku hiyo iachie makanisa na mitaa. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ya Italia huingiwa bure, na foleni zake ni ndefu ipasavyo. Makanisani funika mabega na magoti, na usipange kutazama michoro saa ya Misa, kwa sababu watu wapo kwenye ibada yao. Weka sarafu mfukoni, maana katika baadhi ya makanisa taa ya mchoro huwaka kwa sarafu. Darubini ndogo nayo ina faida kuliko kamera kubwa.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usiende na orodha ya majina makubwa. Chagua kazi chache, na kwa kila moja ujue nani aliiagiza na ilikusudiwa kukaa wapi. Chukua mfano wa mchoro wa altare wa Portinari ulioko Uffizi. Tommaso Portinari alikuwa mwakilishi wa benki ya akina Medici, ukoo tajiri wa Firenze, huko Brugge, mji wa Ubelgiji ya leo. Alimwagiza Hugo van der Goes, mchoraji wa Flandria, eneo la Ubelgiji ya leo, achore Kuzaliwa kwa Yesu kwa ajili ya kanisa la hospitali ya Santa Maria Nuova, hospitali iliyoanzishwa na mhenga wa ukoo wake mwaka 1288. Mchoro ulisafirishwa kwa meli, ukafika Firenze mwaka 1483. Ukijua ulikaa mbele ya wagonjwa, utaelewa kwa nini mbele kabisa, chini, kuna mganda wa ngano na maua yaliyotiwa kwenye chombo cha duka la dawa. Kisha watazame wachungaji: nyuso zimekaushwa na jua, mmoja kaachama, mikono ni ya watu wa kazi. Domenico Ghirlandaio, mchoraji wa Firenze, aliwaona. Mwaka 1485 akachora wachungaji wake katika kanisa la Santa Trinita, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Uffizi. Viangalie vyote viwili siku moja, Uffizi asubuhi, Santa Trinita baadaye. Hapo utaona kwa macho yako kwamba Italia haikuwa mwalimu pekee. Kaskazini nako kulifundisha.

Ndiyo maana nashauri Gent iingie kwenye safari. Mchoro wa altare wa ndugu Hubert na Jan van Eyck, uliokamilika mwaka 1432, uko katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Ubao mmoja uliibwa mwaka 1934 na haujapatikana. Uliopo mahali pake ni nakala. Ukarabati umekuwa ukiendelea kwa awamu tangu 2012, na mbao nyingine huondolewa kwa zamu, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia zipi zipo.

Jiandae pia kwa namna ya kusimama. Rangi ya mafuta ya Van Eyck ilipakwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba. Inataka umkaribie kila mtu na kila jani. Utatu Mtakatifu wa Masaccio, uliochorwa kama mwaka 1427 kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella huko Firenze, unataka urudi nyuma katikati, mpaka ukuta ufunguke kuwa chumba. Karamu ya Mwisho ina shida yake: Leonardo aliichora juu ya lipu kavu, ikaanza kubanduka angali hai, na utapewa dakika 15 tu.

Jambo jingine hukatisha tamaa wasiolijua. Uffizi inamiliki mchoro wa Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1521, wa Katharina, mwanamke Mwafrika wa miaka 20 aliyekuwa katika nyumba ya mwakilishi wa Ureno mjini Antwerp. Wengi wetu tungeanza kwake. Lakini michoro ya karatasi huharibiwa na mwanga, hivyo huwekwa gizani na kuonyeshwa mara chache. Usimpangie siku kabla hujathibitisha kwamba yuko kwenye maonyesho.

Siku zikiwa chache, acha Milano. Usiache Gent.