Namna ya Kutangaza na Kuandika Habari za Wanawake katika Soka la Kulipwa

Mwongozo huu unawahusu watangazaji wa redio, wachambuzi na waandishi wa habari za michezo, kwa sababu mashabiki wengi humjua mwamuzi, daktari wa timu au mchezaji kupitia maneno yetu. Ubaguzi wa kijinsia katika soka la kulipwa hauji kwa matusi peke yake. Mara nyingi zaidi huja kwa swali ambalo huulizwa mwanamke tu, au kwa kosa la mtu mmoja linalogeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya wanawake wote.

Anza kazi kabla ya siku ya mechi, mara tu majina ya waamuzi yanapotangazwa, kwa kutafuta rekodi yao. Msikilizaji anayeelezwa kwamba Jonesia Rukyaa alichezesha mechi ya Yanga na Simba Februari 2016, au kwamba Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea Januari 2022, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za wanaume, hupata msingi wa haki wa kumpima mwamuzi aliye mbele yake. Eleza pia kwamba mwanamke anayepangiwa mechi za kimataifa za wanaume hutakiwa kufaulu jaribio lilelile la utimamu wa mwili wanalofanya waamuzi wanaume. Ukishalisema mara moja, endelea na mchezo. Kumwita "mwanamama huyu" kila anapopuliza filimbi ni kumfanya kioja.

Mechi ikianza, chambua uamuzi kwa sheria na kwa mahali mwamuzi alipokuwa amesimama. Januari 2011, kabla ya Wolves kucheza na Liverpool, watangazaji wawili mashuhuri wa Sky Sports, runinga ya michezo ya Uingereza, Andy Gray na Richard Keys, walinaswa na vipaza sauti wakisema kwamba mwamuzi msaidizi, Sian Massey, bila shaka hajui sheria ya kuotea. Katika mechi hiyo Liverpool walifunga bao lililotokana na pasi ya hatari, Massey akaacha kibendera chini, na picha za marudio zikaonyesha kwamba alikuwa sahihi. Gray alifukuzwa kazi na Keys akajiuzulu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hukumu yao ilitolewa kabla mpira haujaanza, haikutokana na chochote alichokifanya uwanjani. Basi akikosea, na waamuzi wote hukosea, sema alikuwa mbali na tukio, au alizibwa na beki, au alichelewa kujipanga na mchezaji wa pili kutoka mwisho. Mwenzako wa studio akitoa kauli ya kibaguzi hewani, mrudishe papo hapo kwenye tukio: mwulize ni sheria gani imevunjwa. Ukicheka, umekubaliana naye.

Jifunze pia kazi za watu wa benchi la ufundi, maana asiyeijua kazi huishia kumjadili mtu. Agosti 2015, katika sare ya 2-2 baina ya Chelsea na Swansea, daktari wa Chelsea, Eva Carneiro, aliingia uwanjani kumhudumia mchezaji wao Eden Hazard baada ya mwamuzi kumwita. Kocha wa Chelsea wakati huo, José Mourinho, aliwalaumu hadharani, daktari huyo na mtaalamu wa viungo, kwamba hawakuuelewa mchezo, kwa kuwa timu yake ilikuwa tayari imepungua mtu mmoja, na Hazard akihudumiwa angelazimika kutoka nje kwa muda. Mwandishi anayejua wajibu wa daktari angeandika kwanza kwamba mwamuzi akishaita na mchezaji yuko chini, afya ya mgonjwa hutangulia matokeo. Vivyo hivyo, Barbara Gonzalez alipokuwa mtendaji mkuu wa Simba, habari ilikuwa bajeti, usajili na mikataba, wala si mavazi yake.

Katika mahojiano, uliza kuhusu mpira. Desemba 2018 mshambuliaji wa Norway, Ada Hegerberg, alipokea Ballon d'Or ya kwanza ya wanawake, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, na mshereheshaji akamwuliza jukwaani kama anajua kukata mauno. Alijibu hapana, na kesho yake dunia ilikuwa ikilijadili swali hilo badala ya mabao yake.

Panapotokea madai ya udhalilishaji, uangalifu unapaswa kuongezeka maradufu. Baada ya Hispania kutwaa Kombe la Dunia la Wanawake jijini Sydney, Agosti 2023, rais wa shirikisho lao, Luis Rubiales, alimbusu mchezaji wao Jenni Hermoso mdomoni. Shirikisho lilisambaza maneno ya kutuliza mambo yaliyodaiwa kuwa ya Hermoso, lakini siku chache baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuridhia busu lile. Rubiales alijiuzulu Septemba, na Februari 2025 mahakama ilimtia hatiani na kumtoza faini. Kwa hiyo usichukue kauli ya mchezaji kutoka kwenye taarifa ya mwajiri wake. Mtafute mwenyewe, au chama cha wachezaji kinachomwakilisha. Ikiwa ni binti wa klabu ndogo anayemlalamikia kocha wake, usitaje jina lake, kijiji chake wala namba ya jezi yake pasipo ridhaa yake, na kabla ya kuchapisha mweleze wazi ni nani watakaoisoma habari hiyo.